Mikanda ya video inakufa: Ihamishie kwenye DVD bila kupoteza ubora wa picha

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi hapa nchini, mijini na vijijini, ipo mikanda ya video iliyosahaulika. Mingine imepangwa juu ya kabati, mingine imo kwenye sanduku la bati pamoja na vitenge vya bibi, na mingine imesukumwa kwenye kona ya stoo ya mahindi. Ndani yake kuna harusi ya wazazi, ubatizo, maulidi ya mtaa, mahafali ya shule, mkutano mkuu wa chama cha ushirika, na mara nyingi sura na sauti ya mzee ambaye ameshatangulia mbele ya haki.

Deki ya kuichezea iliharibika zamani au iliuzwa. Mikanda imebaki, na wenye nayo hujipa moyo kwamba siku moja watatafuta fundi aihamishie kwenye DVD. Tatizo ni kwamba siku hiyo haiwezi kuahirishwa milele. Mkanda hauozi kwa wiki moja kama nyanya, lakini nao unaoza.

Kwa mwenye mikanda, makala haya yanaeleza namna ya kuiokoa na maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kumwachia. Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye studio ya picha, stesheneri au duka la kuchoma CD, hii ni kazi ambayo bado ina wateja. Lakini ni kazi inayodai umakini, kwa sababu mkanda unaoletewa mara nyingi ndiyo nakala pekee iliyopo duniani. Ukiuharibu, hakuna fedha inayoweza kuirudisha harusi ile.

Kwa nini mkanda unakufa

Mikanda tunayoizungumzia zaidi ni ile mikubwa ya aina ya VHS, ambayo kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1976. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, lakini kabla ya hapo deki zilikuwa zimeshaingia katika nyumba za wenye uwezo na kwenye mabanda ya video. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpiga picha za video akawa mtu wa kutafutwa kwa kila harusi na sendofu. Maana yake ni kwamba mikanda mingi iliyopo leo ina umri wa miaka 20, 30 au zaidi.

Ukifungua kasha la mkanda utakuta utepe mwembamba wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7. Utepe huo umepakwa unga laini wenye sumaku, na unga umeshikiliwa na gundi. Picha na sauti zimeandikwa kwenye unga huo kwa nguvu ya sumaku. Hivyo adui wa mkanda ni kitu chochote kinachodhoofisha sumaku, kinachoharibu gundi au kinachoukwaruza utepe.

Adui wa kwanza ni unyevu. Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Zanzibar, Dar es Salaam na Lindi, unyevu wa hewa hulainisha gundi mpaka utepe unaanza kunata. Unyevu huohuo huotesha ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Adui wa pili ni joto. Chumba kisicho na dari chini ya bati huwa kama tanuri wakati wa mchana, na utepe hujikunja na kulegea. Adui wa tatu ni vumbi, na kwa wakulima hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa stoo ya nafaka ina vumbi, wadudu na panya. Spika kubwa ya redio nayo ina sumaku kali, hivyo juu ya spika si mahali pa kuweka mikanda.

Pamoja na hayo, vifaa vya kuchezea mikanda navyo vinakwisha. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Tangu hapo, deki inayofanya kazi ni ya mitumba au ile iliyotunzwa, na vipuri vyake hutolewa kwenye deki zilizokufa. Mkanda unazeeka huku deki zikipungua. Kusubiri ni hasara.

Ubora hauongezwi, unaokolewa

Kuna imani kwamba ukihamisha mkanda kwenye DVD picha itakuwa safi kama ya filamu mpya. Si kweli. Mkanda wa VHS hubeba undani wa takriban mistari 240 kwa upana wa picha. DVD ya mfumo wetu wa PAL ina nafasi ya nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Hivyo DVD ni chombo kikubwa kuliko kile kilichomo ndani ya mkanda.

Ukimimina lita tano za maziwa kwenye ndoo ya lita 20, hupati lita 20. Lakini ukimimina ovyo, utabaki na chini ya lita tano. Ndivyo ilivyo kwa mkanda. DVD haiongezi kitu ambacho kamera haikukichukua siku ile. Kazi ya fundi ni kumimina bila kumwaga, na maziwa haya humwagika mahali patatu: kwenye deki, kwenye waya, na wakati wa kubana picha ili itoshe kwenye diski.

Kosa linalofanyika kwenye deki na kwenye waya haliwezi kusahihishwa na kompyuta ya gharama yoyote. Ndiyo maana anayetaka ubora aanze na mkanda na deki kabla ya kuulizia kompyuta.

Kagua mkanda kabla ya kuucheza

Kwanza, hakikisha ni mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera au uliotolewa na mpiga picha. Familia nyingi zilikuwa zikinakili mkanda hadi mkanda ili kumgawia shangazi na mjomba. Kila nakala ya namna hiyo hupoteza rangi na kuongeza chenga. Kabla ya kuhamisha nakala iliyochoka, ulizia kwanza kwa ndugu kama mkanda wa asili bado upo.

Pili, angalia mgongoni mwa kasha. Kuna kijiplastiki kidogo kinachoruhusu mkanda kurekodiwa juu yake. Kivunje. Kikishavunjwa, deki haitakubali kurekodi, na hata mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya harusi haitafutika. Ni kazi ya sekunde tano inayokinga hasara ya maisha.

Tatu, fungua kifuniko cha mbele na utazame utepe kwenye mwanga, kisha tazama magurudumu yake kupitia dirisha la kasha. Ukiona unga au utando mweupe kwenye kingo, huo ni ukungu. Usiuingize kwenye deki kabisa. Ukungu utachafua hedi, utakwaruza utepe na kuambukiza kila mkanda utakaofuata. Mkanda wa namna hiyo utengwe kwenye mfuko wake, ukauke mahali penye hewa kavu na kivuli, na usafishwe na fundi anayeifahamu kazi hiyo, akiwa amevaa barakoa. Usiuanike juani kama mpunga.

Nne, ikiwa kasha limevunjika lakini utepe ni mzima, usikate tamaa. Kasha la VHS limefungwa kwa skrubu tano, na magurudumu yake yanaweza kuhamishiwa kwenye kasha zima la mkanda usio na thamani. Kama utepe umekatika, usiunganishe kwa selotepu ya kawaida. Gundi yake hutoka na kukwama kwenye hedi. Ipo tepe maalumu ya kuungia mikanda.

Tano, mkanda ukitoka sehemu ya baridi au yenye unyevu, uache ndani ya chumba cha kazi kwa siku nzima kabla ya kuucheza. Kisha upeleke mbele mpaka mwisho na uurudishe nyuma mpaka mwanzo mara moja. Mkanda uliokaa miaka bila kuguswa huwa umeshikana, na zoezi hili huulegeza na kuukaza upya kwa usawa.

Deki na waya

Usijaribu deki kwa mkanda wa mteja. Ijaribu kwa mkanda usio na thamani, ucheze dakika kumi, upeleke mbele na kurudisha nyuma, kisha uutoe na kuukagua. Deki inayotafuna mikanda hujulikana hapo.

Hedi za deki husafishwa kwa spiriti safi isiyo na maji mengi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kitambaa hushikwa bila kusogezwa juu na chini, na ngoma ya hedi ndiyo inayozungushwa taratibu kwa mkono. Anayesugua juu na chini huvunja hedi, na hedi mpya haipatikani dukani. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mpe fundi wa redio na televisheni aliyeizoea.

Picha ikiwa na mistari ya chenga juu au chini, rekebisha kwa kitufe cha traking mpaka itulie. Fanya hivyo kwa kila mkanda, kwa sababu kila mkanda ulirekodiwa na mashine yake. Pale inapowezekana, deki au kamera iliyorekodi mkanda ndiyo huucheza vizuri zaidi.

Kuhusu waya, deki nyingi zina tundu la njano kwa picha na meupe na mekundu kwa sauti. Tundu la njano hupitisha rangi na mwanga kwa pamoja, na vikichanganyika huonekana kama chembe zinazotembea kwenye kingo za vitu. Deki za daraja la juu za aina ya S-VHS hucheza pia mikanda ya kawaida na zina tundu la S-Video, ambalo hutenganisha mwanga na rangi. Kwa anayefanya biashara, deki ya namna hiyo ina faida kuliko kompyuta mpya. Waya wenyewe uwe mfupi, mnene na mzima.

Mkanda wa zamani huwa na tatizo jingine: mistari ya picha haianzi mahali pamoja, hivyo nguzo na kuta huonekana zimepinda au zinatetemeka. Kifaa kiitwacho TBC hunyoosha mistari hiyo. Baadhi ya deki za S-VHS zinacho ndani, na baadhi ya rekoda za DVD zikiwekwa kati ya deki na kompyuta husaidia kutuliza picha.

Angalizo kwa wenye ndugu ughaibuni: mkanda uliotoka Marekani, Kanada au Japani ni wa mfumo wa NTSC. Ukiucheza kwenye deki ya PAL pekee, picha itapanda na kushuka au itapoteza rangi. Mkanda haujaharibika, unahitaji deki ya mifumo mingi. Mikanda ya Uingereza na Oman ni ya PAL kama yetu.

Kadhalika, vile vikanda vidogo vya MiniDV tayari ni vya kidijitali. Hivyo vitolewe kutoka kwenye kamera yake kwa waya wa FireWire, na picha itafika kwenye kompyuta kama ilivyorekodiwa. Ukitumia waya wa njano unaitupa faida hiyo bure.

Kuingiza picha kwenye kompyuta

Njia mbaya kuliko zote ni kuelekeza kamera au simu kwenye kioo cha televisheni na kurekodi. Picha hupata mistari inayopanda, rangi hubadilika na sauti hujaa mwangwi wa chumba. Fundi anayefanya hivyo usimpe mkanda wako.

Njia rahisi ni rekoda ya DVD, inayochomekwa moja kwa moja kwenye deki. Chagua kiwango cha XP, ambacho huweka saa moja kwenye diski, au SP ambacho huweka saa mbili. Viwango vya LP na EP hujaza saa nyingi kwa kuharibu picha. Ubaya wa rekoda ni kwamba umeme ukikatika kabla diski haijafungwa, kazi yote inaweza kupotea.

Njia bora zaidi ni kuingiza picha kwenye kompyuta kupitia kifaa maalumu, kuihifadhi kama faili kubwa, kisha kutengeneza DVD kutoka kwenye faili hilo. Usiibane picha mara mbili. Faili la aina ya DV huchukua takriban gigabaiti 13 kwa saa moja, hivyo mkanda wa saa tatu unahitaji karibu gigabaiti 39. Kuna aina nyingine zisizobana kwa hasara, nazo huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Wakati wa kuingiza, chagua ukubwa wa 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde. Jambo moja huwapiga chenga wengi. Televisheni ya zamani huchora picha kwa mafungu mawili: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. Programu nyingi za bei poa hutupa fungu moja au huyachanganya ovyo, na matokeo yake ni mistari kama meno ya kitana kila mtu anapocheza muziki au kupunga mkono. Kwa DVD, acha mafungu hayo kama yalivyo. Televisheni itayapanga yenyewe.

Funga programu nyingine zote wakati wa kazi. Kompyuta ikizidiwa huruka picha, na taratibu midomo na sauti huachana. Kagua mwanzo, katikati na mwisho wa kila faili. Kama bibi harusi anaitikia kiapo kabla mdomo haujafunguka, rudia.

Kuhusu umeme, UPS si anasa kwenye kazi hii. Umeme ukikatika wakati utepe umezungushwa kwenye ngoma ya hedi, mkanda unaweza kunasa humo. Usiuvute kwa nguvu. Subiri umeme urudi, deki itautoa yenyewe. Ikishindikana, fungua kifuniko na uutoe kwa mkono taratibu.

Saa ngapi kwenye diski moja?

Hapa ndipo fedha na ubora hugombana. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Kwa kasi ya megabiti nane kwa sekunde, saa moja ya picha huchukua takriban gigabaiti 3.6, ukiacha sauti. Diski moja kwa saa moja ni ubora wa juu. Diski moja kwa saa mbili, kasi ikishuka hadi karibu megabiti tano, bado ni nzuri. Ukijaza mkanda wote wa saa tatu kwenye diski moja, vipande vya mraba huanza kuonekana kwenye nyuso za watu.

Mteja anaweza kuuliza mbona filamu za dukani hukaa saa mbili na zinang’ara. Sababu ni chenga. DVD hubana picha kwa kuhifadhi kinachobadilika na kutorudia kisichobadilika. Ukuta wa filamu safi haubadiliki, hivyo hauli nafasi. Ukuta wa mkanda wa zamani umejaa chenga zinazobadilika kila sekunde, na mashine huzihesabu kama jambo jipya. Kwa hiyo mkanda mchakavu unahitaji nafasi kubwa kuliko filamu safi, na si kinyume chake.

Kama ni lazima saa tatu ziingie kwenye diski moja, mfumo wa DVD unaruhusu picha ya nukta 352 kwa 576. Upana huo bado unatosha undani wa VHS, na kila nukta hupata nafasi ya kutosha. Ni afadhali kuliko kulazimisha 720.

Jihadhari pia na kupamba. Kuongeza mwanga na rangi kupita kiasi huua undani wa ngozi. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazodai kuifanya picha ya zamani kuwa mpya. Nyingi hubuni undani ambao haukuwapo, na uso wa marehemu mama unaweza kutoka ukiwa laini lakini si wake. Mwenye kutaka kujaribu afanye hivyo kwenye nakala, na faili la asili libaki bila kuguswa.

Kuchoma na kutunza

Nunua diski zisizo na michubuko kutoka kwa muuzaji unayemwamini, na uzichome kwa kasi ya wastani, mara nne au nane. Kisha ijaribu diski kwenye deki ya DVD ya kawaida, si kwenye kompyuta iliyoichoma peke yake. Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, na usibandike karatasi juu yake. Hubanduka na kuifanya diski iyumbe.

DVD nayo haiishi milele. Ni tabaka la rangi linaloharibiwa na jua na joto. Aidha, kompyuta nyingi mpya za mapajani hazina tena mahali pa kuingizia diski, na Februari 2025 kampuni ya Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski zake za Blu-ray za kurekodia pamoja na vikanda vya MiniDV. Kwa hiyo usitegemee DVD peke yake. Mwombe fundi akupe pia lile faili kubwa kwenye diski ya nje ya kompyuta, na uweke nakala ya pili kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Nyumba ikiungua au ikiibiwa, kumbukumbu itabaki.

Nakala iliyotumwa kwa WhatsApp isihesabiwe kuwa ni akiba. Imebanwa mno. Ni ya kuonyeshana tu. Na mkanda wenyewe usitupwe. Urudishe kwenye kasha lake ukiwa umerudishwa mwanzo, uusimamishe wima kama kitabu, mahali pakavu na penye ubaridi.

Hesabu ya mfanyabiashara

Anayetaka kuifanya kazi hii kuwa mradi ajue jambo moja: mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu kuucheza. Hakuna mashine ya kuuharakisha. Ukiongeza kukagua, kusafisha, kuchoma na kujaribu, deki moja kwa siku ndefu ya kazi humaliza mikanda mitatu mirefu, si kumi.

Tuchukue mfano. Tuseme pango, umeme, diski na akiba ya matengenezo ya deki ni Sh15,000 kwa siku, na unataka kubaki na Sh30,000. Jumla ni Sh45,000. Ukigawa kwa mikanda mitatu, kila mkanda wa saa tatu unapaswa kulipiwa Sh15,000, yaani Sh5,000 kwa saa. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za eneo lako. Atakayetoza chini ya gharama atalazimika kujaza saa tatu kwenye diski moja na kuruka ukaguzi, na hapo ndipo jina linapoharibika. Toza kwa saa, si kwa mkanda, kwani mwingine una dakika 40 tu.

Faida inaongezeka ukiwa na deki mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja na kifaa chake. Mtaji wa ziada uwekeze kwenye deki za akiba kabla hazijaadimika zaidi. Aidha, msimu wa mauzo ya mazao, pamoja na sikukuu ambazo ndugu hukutana, ni wakati mzuri wa kutangaza huduma vijijini.

Uwe na daftari. Andika jina la mteja, idadi ya mikanda, hali yake ilipopokewa na tarehe ya kuichukua. Kila mkanda upate namba. Mweleze mteja mapema kwamba mkanda mchakavu unaweza kukatika, na akubali kwa saini. Picha za watu ni siri yao. Usizicheze dukani kuvutia wapita njia, wala usizitume popote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na mteja akileta filamu ya dukani utoe nakala za kuuza, kataa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu.

Maswali ya kumuuliza fundi

Msomaji mwenye mikanda, kabla ya kuacha mzigo wako uliza haya: Je, unatumia waya kutoka kwenye deki au unarekodi kioo cha televisheni? Utaweka saa ngapi kwenye diski moja? Utanipa faili la asili pia? Deki yako uliijaribu lini kwa mkanda wako mwenyewe? Umeme ukikatika inakuwaje? Fundi anayeijua kazi atajibu bila kukasirika.

Anza na mkanda mmoja usio na uzito mkubwa. Tazama matokeo kwenye televisheni ya nyumbani, ukilinganisha na mkanda wenyewe kwa fundi. Ukiridhika, peleka mingine, ukitanguliza ile yenye watu ambao hawapo tena na ile iliyoanza kunata. Usiupeleke mzigo wote kwa siku moja, wala kwa basi bila mtu wa kuusindikiza.

Mwenye mikanda kumi asisubiri apate fedha ya yote kumi. Mkanda mmoja kila baada ya mauzo, na kabla ya mwaka kwisha kazi itakuwa imekamilika.